Kivuli cha Nondo Saa Sita

Vijana wa kazi hii, mmeniomba niketi niandike. Kuandika nitaandika, lakini kuketi sikuahidi. Tangu asubuhi nimeanza ukurasa huu mara tatu, na mara tatu nimesimama kwenda kuangalia mlango, kuangalia mvua, kuangalia nani amesogeza ndoo ambayo niliisogeza mimi mwenyewe. Mke wangu, mama Zaina, anasema mtu aliyestaafu anatakiwa atulie. Namjibu kwamba nimestaafu kazi, sikustaafu miguu. Kwa hiyo mkiona maneno yanaruka kutoka huku kwenda kule, jueni mwandishi yuko uani anazunguka.

Mimi ni Selemani. Hapa mtaani Mangobo wananiita tonton, yaani mjomba, Sele wa droni, ingawa droni niliipata uzeeni na hatukuwahi kupendana sana. Kazi yangu kwa miaka mingi ilikuwa kupiga picha za majengo makubwa kutoka juu wakati yanajengwa. Nilianza na picha za pasipoti, kwenye kibanda cha turubai, nikiwaambia watu wafunge midomo. Siku moja wakaja watu wa ujenzi, wanatafuta mpiga picha wa kupanda grue, ule mnara wa chuma unaonyanyua mizigo, kila Jumamosi. Wenzangu wawili walikataa palepale. Mimi sikukataa kwa sababu sikuwa nimeelewa swali.

Ninyi mnaorusha droni kwa vidole gumba, mmekaa kivulini na soda pembeni, hamjui ngazi ya grue. Iko wima. Ina duara za chuma mgongoni zinazokudanganya kwamba huwezi kuanguka. Siku ya kwanza nilifika katikati, nikaikumbatia ngazi, nikakataa kwenda juu na nikakataa kushuka. Wafanyakazi wote wa chantier, yaani eneo la ujenzi, waliacha kazi kunitazama. Mmoja aliuliza kwa sauti kama waniletee chakula hukohuko.

Aliyenitoa pale ni yaya Risasi; yaya kwetu ni kaka mkubwa. Alikuwa mtu wa Maniema, amenizidi miaka sita au saba, na ndiye aliyekuwa mkuu wa mafundi wa nondo, vile vyuma virefu vinavyofungwa kwa waya kabla ya kumwagiwa zege. Huku kwetu tunasema tu fer. Alipanda nyuma yangu taratibu mpaka bega lake likagusa kiatu changu.

"Unaogopa nini?" akauliza.

"Naogopa chini."

"Bon. Chini haiwezi kukimbia, itakungoja tu. Weka muguu kwa bega yangu. Sasa ile ingine. Njo vile."

Alinipandisha hivyo mpaka juu, hatua kwa hatua, nikikanyaga bega la mtu mwenye heshima zake. Kule juu nilipiga picha ishirini na nne, na kumi na tisa zilikuwa za kidole changu mwenyewe. Hakunicheka. Aliziangalia zile tano zilizobaki, akaniambia zina kasoro moja: hazisemi kitu.

Tangu siku ile alinifundisha kazi. Nasema alinifundisha yeye, fundi wa nondo, kwa sababu hakuna mpiga picha aliyenifundisha mambo haya. Mkiwa juu, kila kitu kinalala. Shimo na kilima vinafanana. Picha ya juu inaonyesha upana na urefu, lakini kimo inakificha. Na kwenye sakafu ya zege kimo ndicho kila kitu, kwa sababu nondo hazitakiwi kulala kwenye mbao. Zinawekewa vijiwe chini ili ziinuke, zege ipite juu na chini yake. Akanionyesha kwa mkono.

"Usiangalie fer," alisema. "Angalia kivuli yake. Kama kivuli iko mbali na fer, fer imesimama. Kama kivuli inakamatana na fer, fer imelala. Photo yako ikuwe na kivuli. Photo bila kivuli iko uongo."

Andikeni hilo mahali. Mengine ni madogo madogo. Simama palepale kila wiki, la sivyo mhandisi wa Kinshasa anayesoma picha zako kabla ya kuruhusu zege atadhani ukuta umehama. Weka kwenye sakafu ubao wa mita nne uliopakwa nyekundu na nyeupe, ili anayetazama ajue ukubwa wa vitu. Futa kioo kwa kitambaa kikavu cha pamba, si kwa shati ulilovaa, maana jasho la hapa lina mafuta. Na saa: piga saa moja na nusu asubuhi au saa kumi jioni. Usipige saa sita mchana. Sisi tunaishi karibu kabisa na mstari wa Ikweta. Jua la saa sita linakusimamia utosini, na kivuli cha kitu kinaingia chini ya kitu chenyewe. Hapo utapata picha safi, yenye mistari mizuri, isiyokuambia chochote.

Nilikuwa nayajua yote hayo. Mkumbuke hivyo mtakapofika mbele.

Droni ilipokuja, nilifikiri nimepumzika. Wiki ya kwanza mwewe aliipiga teke ikaangukia paa la choo. Wiki ya pili maofisa walikuja kuniuliza napeleleza nini, nikawaonyesha picha za kokoto mpaka wakachoka wenyewe. Wiki ya tatu alikuja mama Bolumbu. Huyu alikuwa na uzio mmoja na chantier yetu, na kila siku aliuza pondu, yaani kisamvu, na ndizi za makemba kwa wafanyakazi. Chakula chake kilikuwa kitamu na ulimi wake ulikuwa mkali, na hatukuweza kupata kimoja bila kingine.

"Tonton Sele," alisema, "nzala ya kuniona uko nayo? Douche yangu haina toiture. Ile nzinzi yako ilisimama juu ya kichwa yangu na sabuni kwa macho."

Nzala ni njaa na nzinzi ni nzi, kwa Kilingala; na kweli bafu lake halikuwa na paa. Niliomba msamaha mbele ya watu wote waliokuwa wanakula. Halafu tukapatana utaratibu. Kulikuwa na rimu ya gari iliyoning'inia langoni kwa ajili ya kuita watu kazini; kabla sijarusha nitaipiga mara tatu, ningoje, kisha nirushe. Majirani wakizisikia zile tatu wanajifunika, wanaanua nguo, wanafanya wanavyotaka. Na kama jirani ana jambo kubwa nyumbani kwake, ananitumia neno nisirushe. Utaratibu huo ulitupa amani na majirani. Nawashauri muuige, na nitawaeleza ulivyoniponza.

Jengo tulilokuwa tunajenga hapo lilikuwa la ghorofa nne, maduka chini na ofisi juu, si mbali na mto. Upande wa barabara, kwenye ghorofa ya kwanza, kulikuwa na galerie: kibaraza kirefu cha zege kinachotokeza nje ya ukuta, bila nguzo yoyote chini yake. Mchoraji alikipenda sana. Risasi alikipenda zaidi, kwa sababu ilikuwa kazi yake ya mwisho kabla ya kurudi kwao Kindu kupumzika, na kibaraza cha namna ile ni mtihani wa fundi wa nondo. Nyosha mkono wako mbele na umwambie mtu auning'inie. Panapovutika ni upande wa juu, begani. Zege nayo ni hivyohivyo. Katika kibaraza kinachoning'inia, nondo lazima zikae upande wa juu. Zikishuka chini, hata ziwe nyingi na nene namna gani, ni sawa na hakuna.

Ngoja nikanywe maji.

Nimerudi. Siku ya kumwaga zege, mume wa mama Bolumbu alikuwa amefariki. Matanga yalikuwa palepale upande wa pili wa uzio, maturubai yamefungwa, watu wamelala nje siku mbili. Mwili ungetoka asubuhi ile kwenda makaburini. Mama Bolumbu alinitumia neno: nisirushe nzinzi yangu mpaka marehemu atoke. Ungekuwa wewe ungesemaje? Nilisema ndiyo, na leo pia ningesema ndiyo. Saa moja na nusu yangu ikapita. Saa mbili ikapita. Ndugu wa marehemu kutoka Basoko walichelewa, mtumbwi wao ulikuwa na shida ya mota, kila mtu akawangoja.

Risasi alikagua nondo zake saa mbili asubuhi, akaona ziko sawa, na kweli zilikuwa sawa. Halafu akavua kofia ya chantier, akaenda kwenye matanga, maana yeye na marehemu walikuwa wakicheza dama pamoja. Ndugu wa Basoko walipofika, saa tano na nusu, jeneza likatoka. Sasa fikirini: wafanyakazi wako juu, hawana la kufanya, na mahali pazuri kuliko pote pa kutazama msafara ni ukingo wa galerie. Walikwenda. Watu labda kumi na tano, kwa heshima kabisa, kofia mkononi, wakasimama juu ya nondo mpaka msafara ulipokata kona. Nami nilikuwa chini na kidhibiti cha droni mkononi, nimeinamisha kichwa. Niliwaona. Sikufikiria kitu.

Risasi alisindikiza mpaka kona tu, akarudi mbio. Alipanda, akatembeza macho: mistari imenyooka, waya zimefungwa, hakuna nondo iliyoachia. Lori la zege lilikuwa linazunguka langoni na dereva anapiga honi. Ingénieur Dido, mhandisi wetu, kijana mwenye haraka ambaye simu yake haikunyamaza, akaniambia nirushe upesi.

Nikapiga rimu mara tatu. Nikarusha. Ilikuwa saa sita kasoro dakika chache.

Picha ilikuwa nzuri ajabu, kama daftari la hesabu. Ingénieur aliitazama kwenye kioo cha simu yangu.

"Papa Selemani, iko bien?"

"Iko bien," nikasema, na chini ya picha nikaandika neno la kazi, conforme, yaani iko kama mchoro unavyotaka. Ikaenda Kinshasa. Ruhusa ikarudi. Zege ikamwagwa.

Mbao na miti ya kushikilia viliachwa majuma matatu na zaidi, kama inavyotakiwa, zege ikomae. Mama Bolumbu alipomaliza siku zake za kukaa ndani, alirudi kuuza, na kwa vile jua lilikuwa kali alihamishia sufuria zake chini ya galerie, katikati ya ile miti. Akina mama wengine watatu wakamfuata. Nani angekataa kivuli cha bure?

Alhamisi moja nilikuwa napanga picha za jengo lile kwa ajili ya albamu ya wakubwa. Miti ya mwisho ilikuwa itolewe Jumatatu inayofuata. Nikafika kwenye picha za siku ya kumwaga. Kulikuwa na moja niliyoipiga saa kumi jioni, ya kufunga siku, ambayo hakuna mtu aliyeitazama, hata mimi. Zege ilikuwa imefika karibu na mwisho wa galerie. Kipande kidogo kilikuwa bado wazi, nondo zinaonekana, na jua la jioni linapita kwa ubavu.

Vivuli vilikuwa vimegandana na nondo. Hakukuwa na nafasi hata ya kupitisha uzi.

Nilikuza picha mpaka ikawa nukta nukta. Nikasimama, nikakaa, nikafungua picha ya siku iliyotangulia: kipande kilekile, saa ileile, na vivuli viko mbali, vimetengana na vyuma vyake vizuri kabisa. Wale watu kumi na tano walikuwa wamezikanyaga zikashuka zote pamoja, sawasawa, bila kupinda hata moja, vijiwe vimelala ubavu. Ndiyo maana jicho la Risasi halikuona. Kwa kutazama kutoka juu, saa sita, hata mimi ningeapa.

Na niliapa. Niliandika conforme.

Hapa ndipo nashindwa kuketi. Nilipaswa kuchukua motard, yule wa pikipiki, palepale nikaenda chantier. Nilivaa viatu. Nilifika langoni kwangu. Halafu nikaanza kujisemesha. Labda ni kipande kile tu. Labda kioo kinadanganya. Nikisema, watauliza nani aliandika conforme. Nikisema, Risasi, mtu aliyenibeba begani, ataondoka kazini kwa aibu katika kazi yake ya mwisho. Nilivua viatu. Mama Zaina aliniuliza nimesahau nini. Nikamwambia miwani. Ilikuwa usoni.

Ijumaa nilisali bega kwa bega na Risasi. Baada ya sala alinishika mkono, tukatoka pamoja, ana furaha.

"Lundi ukuje na appareil," alisema, yaani Jumatatu nije na kamera. "Si ile ya kuruka, hapana. Ile ya mukono. Unipige photo chini ya galerie yangu, nitumie batoto Kindu."

Lazima niwaeleze hilo. Chantier zetu zilikuwa na desturi, sijui kama bado mnayo. Siku ya kutoa miti ya mwisho chini ya kitu kinachoning'inia, mkuu wa mafundi wa nondo anaweka kigoda chini yake, anavua kofia, anakunywa chai. Wengine wanagonga miti, inatoka mmoja mmoja, naye anakunywa. Chai ikiisha na zege ingali juu, watu wanapiga makofi. Risasi alikuwa amekunywa chai hiyo mara nyingi kuliko mtu yeyote ninayemjua. Nami Ijumaa ile nilimjibu nini? Nilimwambia nitakuja na appareil.

Jumamosi nilikwenda chantier bila kazi. Walikuwa wametoa nusu ya miti, mmoja wanatoa, mmoja wanaacha. Chini yake akina mama walikuwa wanauza, na watoto wawili wa mama mmoja walikuwa wanacheza kujificha katikati ya ile iliyobaki. Nilimwambia mama Bolumbu ahame, aende upande wa lango.

"Kuko jua kule. Juu ya nini nihame?"

"Hama tu, mama."

"Tonton, weye miaka imeanza kukucheza," alisema, akaniwekea makemba mawili kwenye karatasi. Nikayala nimesimama, natazama juu. Niliona ufa mwembamba pale kibaraza kinapokutana na ukuta, au nilitaka kuuona. Nikaondoka. Jumapili nilitembea Mangobo nzima, nikafika mtoni, nikarudi, nikaenda tena. Watu waliniuliza ninatafuta nani. Nilikuwa natafuta namna ya kusema bila kuwa mimi niliyesema.

Jumatatu nilifika kabla ya wote. Risasi alipokuja, kigoda mkononi na thermos kwapani, nilimwonyesha picha mbili, ile ya jioni iliyotangulia na ile ya saa kumi. Alizitazama moja baada ya nyingine. Nilieleza matanga, msafara, watu kumi na tano.

"Miye nilifunga ile fer na mikono yangu," alisema.

"Najua, yaya."

"Nilirudi, niliangalia. Ilikuwa droit, ilinyooka."

"Ilikuwa droit. Lakini ilikuwa chini."

Akaita ingénieur. Dido alitazama picha, akatazama saa, akafungua simu yake na kunionyesha picha yangu mwenyewe, ile ya saa sita, yenye neno langu chini.

"Papa Selemani, hii nani aliandika?"

"Miye."

"Donc ulisema iko bien. Kinshasa balikubali. Leo unasema haiko bien?"

"Ile photo iko uongo. Nilipiga saa mubaya na nilijua iko saa mubaya."

Wafanyakazi walikuwa wamekusanyika. Risasi alikuwa amekasirika sasa, nami sikumlaumu. Namna gani umwambie mtu mbele ya watu wake kwamba kazi yake ya mwisho itaanguka? Hakuniangalia. Aliwaambia akina mama wasogeze sufuria, kama kawaida ya siku hiyo, akaweka kigoda chini ya galerie, akavua kofia, akajimiminia chai.

"Piga," aliwaambia wenye nyundo.

Sikupanga nililofanya. Mnanijua, mimi ni mwoga, hata grue nilipandishwa. Lakini miguu ilikwenda. Nilikwenda nikakaa chini, kwenye vumbi, kando ya kigoda chake. Nikafunika kichwa kwa mikono miwili.

"Weye unafanya nini hapa?"

"Ninakaa na weye."

"Unasema itaanguka, na unakaa?"

"Itaanguka. Lakini hautakaa peke yako."

Alinitazama usoni, halafu mikono yangu kichwani, halafu usoni tena. Alikuwa amenijua miaka yote ile. Alijua kwamba mimi nikiona mjusi darini nahama chumba. Chai ilipoa kikombeni.

"Toka," akasema.

"Toka weye kwanza."

Alimwaga chai mavumbini. Kisha akasimama, akanishika kwapa, akaninyanyua, tukatoka wote wawili hadi barabarani. Aliwaamuru watu wake wafunge kamba kwenye miti na waivute kutoka mbali, wakianza na ya ukingoni. Ingénieur alinung'unika kuhusu muda. Mti wa kwanza ukatoka. Wa pili, wa tatu. Wa nne. Hakuna kitu. Mtu mmoja akacheka, na wenzake wakapata ruhusa ya kucheka. Risasi alinigeukia, uso wake umefunguka, akanipiga kidogo mgongoni, akaanza kurudi na kigoda chake.

Nilimshika shati. Likachanika begani.

Mti wa tano ulitoka, na galerie ikainama kwa upande mmoja, bila haraka, kama mtu anayetaka kuokota kitu. Halafu ikaja chini yote. Ardhi ilitupiga kwenye nyayo. Vumbi lilipopungua, ukuta ulikuwa umebaki na nondo zinazoning'inia, na pale palipokuwa na kigoda palikuwa na zege yenye kimo cha kiuno.

Hakuna mtu aliyeumia. Andikeni hivyo, ni kweli, na watu wengi walinishika mkono siku ile. Mama Bolumbu alinikumbatia huku analia. Ingénieur alizima simu yake. Wafanyakazi wakasema tonton Sele ameokoa mtu.

Risasi alikwenda peke yake kwenye kile kifusi. Aliweka kiganja kwenye zege iliyovunjika akapima: juu ya nondo, kiganja kizima; chini yake, unene wa ukucha tu. Alipima mahali pengine, na pengine. Halafu alirudi taratibu mpaka nilipokuwa nimesimama, na shati lake lililochanika, akaniuliza kwa sauti ya chini, watu wengine wasisikie.

"Ile photo ya saa kumi uliiona siku gani?"

"Jeudi," nikasema. Alhamisi ile.

Aligeuka akatazama mahali akina mama walipokuwa wanaweka sufuria. Akahesabu siku kwa vidole vyake vyeusi kwa kufunga waya, Ijumaa mpaka Jumapili. Vendredi. Samedi. Dimanche.

"Samedi tulitoa nusu ya miti," alisema. "Batoto balikuwa banacheza pale chini. Ulibaona?"

Nilimjibu ndiyo. Aliniacha pale, akaenda kuwasaidia akina mama kubeba sufuria zao upande wa lango.